Watu Thelathini na Mmoja wa Kompyuta Namba Tatu

Skolastika alistaafu upimaji wa hali ya hewa mwaka 2014, akarudi Mwandiga kulima mihogo, na mihogo ikamshinda. Si kwamba haikuota. Iliota vizuri tu, ila haikuwa na saa. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa ameamka kwenda kusoma kipimajoto na kupima mvua kwa saa zilizopangwa, na kila alichosoma alikiandika kwa saa ya Griniwichi, kwa sababu wapima hewa wa dunia nzima huandika kwa saa hiyo moja ili taarifa zao zilingane. Ikiwa saa tatu kamili asubuhi Kigoma, daftari lake lilisema 06:00. Alitoa tatu kila siku, sikukuu na msiba. Siku mumewe alipofariki, hospitalini walimwuliza ilikuwa saa ngapi, akawatajia ya Griniwichi, ikabidi muuguzi aulize tena.

Basi mwezi wa tano mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipojaa ufukweni Kagunga na meli ikawa inawaleta Kigoma mjini kundi kwa kundi, shirika moja la misaada lilitafuta makarani wanaoandika vizuri na wanaoelewa Kirundi. Skolastika alikuwa Muha, na Muha na Mrundi husikilizana bila mkalimani. Alichukuliwa siku hiyohiyo. Akawekwa kwenye meza ya tatu, nyuma ya kompyuta namba tatu.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Mkimbizi anashuka, anapanga foleni, anataja jina, umri, kijiji na watu wake. Karani anaandika, anabonyeza, kompyuta inaweka muda yenyewe. Mchana mabasi yanawapeleka kambini Nyarugusu. Tatizo lilikuwa wenyeji. Baadhi ya watu wa mjini walikuwa wakijipenyeza kwenye foleni ili wapate blanketi, kwa hiyo fundi wa shirika, kijana aitwaye Yona, aliweka kanuni kwenye programu: yeyote aliyeandikishwa kabla meli ya siku hiyo haijafika, jina lake linageuka jekundu. Mwenye jina jekundu alikwenda kukaa kwenye benchi la pembeni akasubiri kuhojiwa.

Kompyuta namba tatu ya awali ilimwagikiwa chai siku ya Jumatano. Alhamisi asubuhi ikaletwa nyingine, ya msaada, yenye mfumo wa Linux kama zile nne za meza nyingine. Meli ilifika saa mbili na dakika arobaini. Mtu wa kwanza mbele ya Skolastika alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, Merina, aliyebeba sufuria kichwani na hataki kuitua. Kwenye msukumano wa kushuka alikuwa amepotezana na wanawe wawili na mama mkwe wake. Wenyewe walikuwa wameshaonekana kwenye meza ya kwanza, wameandikishwa, wamepewa basi. Skolastika aliandika kila kitu, akabonyeza. Jina likawa jekundu.

"Kaa pale, mwanangu," alimwambia kwa Kiha. "Wataniuliza, nitawaambia."

Hawakumuuliza. Hadi saa sita mchana kwenye benchi palikuwa na watu thelathini na mmoja, wengine wamekaa chini kwa kuwa benchi lenyewe lilikuwa la watu wanane. Ndipo msimamizi, Pastory, alipokuja na karatasi. Pastory alikuwa kijana msafi, mtu wa takwimu.

"Mama, nimefanya uchambuzi," alisema. "Wadanganyifu wote thelathini na mmoja wamepita kwako. Meza nyingine hazina hata mmoja."

"Umeona hiyo ina maana gani?"

"Naona wanaipenda meza yako." Akasita. "Na wewe ni mwenyeji wa Mwandiga, Mama. Una ndugu wengi."

Katika miaka thelathini na miwili Skolastika hakuwahi kuandika tone la mvua ambalo halikunyesha, na wenzake wengine waliandika. Alivuta karatasi ile akaisoma kuanzia juu. Merina: 05:52. Anayefuata: 05:58. Kisha 06:03.

Akaongeza tatu kichwani bila kutaka, kama mtu anavyokuna panapowasha.

"Hii kompyuta iko Griniwichi," alisema.

Pastory aliitazama kompyuta. "Iko Kigoma, Mama. Naiona."

"Mwili uko Kigoma. Nani kafungua lango leo?"

"Mlinzi. Saa moja."

"Kaniangalizie kitabu chake. Mimi nimesaini saa moja na robo. Sasa huyu Merina nimemwandikisha saa kumi na mbili kasoro dakika nane, lango limefungwa, mimi niko Mwandiga naoga?"

Pastory alikwenda langoni, akarudi polepole na kitabu mkononi. Hakuomba radhi, ila alikaa mbele ya kompyuta akasogeza saa yake mbele kwa masaa matatu, akajipangusa mikono. Baada ya dakika tano mtandao, uliokuwa umekatika, ulirudi, na kompyuta ikachukua saa ya mtandaoni ikajirudisha ilipokuwa. Akaisogeza tena. Ikarudi tena.

"Ina kiburi," alisema.

"Saa yake haina kosa," Skolastika alimwambia. "Inajua saa ya dunia vizuri kabisa. Isichojua ni iko wapi. Ukiisogezea mishale inakuona mwongo. Mwambie mahali, saa itajipanga."

Yona alikuwa njiani kuelekea Kasulu. Walimpata kwa simu mara ya nne.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Kompyuta mpya iko saa za Griniwichi. Nifanyeje?"

"Aa," Yona alisema, kama mtu anayekumbuka kitu alichokisahau. "Fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Andika timedatectl, neno moja. Inakwambia nini mbele ya Time zone?"

"Etc/UTC."

"Hiyo ndiyo Griniwichi. Andika timedatectl list-timezones, utafute mji wetu."

Majina yakamwagika, mamia. Skolastika alivaa miwani akayashuka yale ya Afrika moja moja. Kigoma haikuwemo. Ujiji haikuwemo.

"Chagua hii," Pastory alisema, akigusa kioo kwa kidole. Africa/Bujumbura. "Ndiyo iliyo karibu. Na watu wenyewe wanatoka huko."

"Bujumbura wako nyuma yetu kwa saa moja."

"Lakini iko hapo tu!"

"Ingekuwa hata chini ya meza hii. Saa yetu ni ya Dar es Salaam."

Aliandika alivyoelekezwa: sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar es Salaam. Kompyuta ikakataa. Yona akasema pasiwe na nafasi, kila mwanya ujazwe kistari cha chini, na herufi kubwa ziwe palepale. Akaandika upya, Africa/Dar_es_Salaam, akatia neno la siri. Kompyuta haikusema kitu. Saa ya kwenye kona ikaruka kutoka 09:41 hadi 12:41.

Lakini majina ya asubuhi yalibaki mekundu. Programu ilikuwa imeshayaandika ilivyoyaandika. Yona alisema atayarekebisha akifika Kasulu, jioni. Mabasi yalikuwa yanaondoka saa tisa.

Skolastika alichukua karatasi ya mistari. Akaandika majina thelathini na moja kwa mkono, mbele ya kila jina muda uliosomeka, na mbele yake muda wa kweli, tatu zimeongezwa. Chini akasaini: Mpima Hali ya Hewa, Mstaafu.

"Hiki cheo hatukitambui," Pastory alisema.

"Saini chini yake kwa cha kwako, basi."

Pastory alikitazama kitabu cha mlinzi, akalitazama benchi, akasaini. Saa tisa kasoro dakika kumi watu walikuwa wanapanda. Watoto wawili wa Merina walimwona kupitia dirisha la basi kabla yeye hajawaona, wakapiga kelele hadi dereva akapiga honi bila sababu. Mama mkwe alipokea ile sufuria kwanza, kisha mkwe wake.

Merina aliinama dirishani. "Mama, nilikosa nini?"

"Hukukosa. Mashine ilidhani iko Ulaya."

Merina alifikiri. "Na yenyewe imekimbia?"

Skolastika alicheka peke yake hadi basi likapotea barabarani.

Wiki iliyofuata taarifa ya tukio ilitoka makao makuu. Chanzo kiliandikwa kuwa ni kosa la mtumiaji, na mtumiaji wa kompyuta namba tatu akapewa barua ya onyo. Kwenye bahasha hiyohiyo palikuwa na barua ya pili, ikimteua mtumiaji huyo kukagua saa za kompyuta zote tano kila asubuhi. Skolastika alizisoma zote mbili, akaijibu ya kwanza kwa kurasa mbili zenye jedwali. Ile ya pili aliikubali.