Mavis Keeping na Ndege wa Jumapili

Samaki walipoadimika Tibbo, kijiji cha wavuvi kisiwani, watu waliondoka nyumba moja moja, mpaka shule ikafungwa ikiwa na mtoto mmoja. Zikabaki nyumba tisa. Serikali ikawaambia wapige kura: wakikubali kuhama watalipwa wote, na feri haitakuja tena. Mavis Keeping, mama wa miaka sitini na sita, alisema hang'oki. Akapaka rangi chumba cha wanawe waliohamia bara, akaiandikia barua kampuni inayopeleka watu kutazama ndege: mwamba wetu umejaa ndege wa baharini, njooni.

Kampuni ikamtuma Judith kutoka Toronto aje aone. Akiridhika, wageni wangekuja kila wiki majira yote ya joto, na kura ya kuhama ingekosa watu. Kijiji kizima kilijua hivyo. Ndiyo maana jirani yake Mavis, mzee Ches Durnford, alifungua friza yake akamletea Mavis ndege wawili wa mwisho aliowapiga kwa bunduki wakati wa baridi. Tibbo mgeni wa heshima hapewi kuku; hupewa ndege wa baharini, wale wa mlo wa Jumapili.

Mavis akawaoka kwa vitunguu na nyama ya nguruwe ya chumvi. Judith alikula mpaka akalamba vidole.

"Mama, bata gani huyu mtamu hivi?"

Hedley, mumewe Mavis, akamkanyaga mkewe mguu chini ya meza. Wapi! Mavis alikuwa ameshavimba kichwa kwa sifa.

"Bata wapi, mwanangu! Huyo ni turr, ndege wetu wa baharini. Kesho utawaona wenzake mwambani, tele!"

Judith akaweka uma chini. Uso ulimsawijika.

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi. Asubuhi alikwenda mwambani, akawatazama ndege mpaka machozi ya furaha yakamtoka, akarudi, akaandika karatasi. Wageni watakuja, alisema, ila kila mtu wa Tibbo atie sahihi kwamba hatapiga turr tena, hata katika msimu ambao sheria inaruhusu.

Mavis akaizungusha karatasi nyumba kwa nyumba. Ches aliisoma mara mbili.

"Kwa hiyo wao wale kuku wao, sisi tule kwa macho?"

"Tia sahihi, Ches, au funga virago."

Akatia, kisha akamfungia mlango.

Ikabaki sahihi ya Hedley. Tangu serikali ifunge uvuvi, kuwinda turr mwezi wa Novemba ndiyo kazi pekee iliyokuwa bado inampeleka baharini, kazi aliyofundishwa na baba yake akiwa na miaka kumi.

"Samaki walituchukulia wao watu wa bara," alisema. "Uwindaji huu unawapelekea wewe, bibie, kwa mkono wako."

"Nataka tuzikwe hapa, Hed."

"Kuzikwa tutazikwa. Shida ni kuishi."

Hata hivyo akatia sahihi, maana alimpenda. Kisha akaingia chumbani, akatoka na bunduki, akamkabidhi.

"Itundike sebuleni. Mimi nitakaa chini yake, wageni wako wanipige picha."

Hakuwa anatania. Mavis aliipokea, na kilichomtia aibu kuliko yote ni kwamba wazo lenyewe aliliona zuri.