Bikoni za Mama Anzaruni

Siku yangu ya kwanza kazini Kigoma, Afisa Ardhi alinikabidhi theodolaiti, ile darubini ya kupimia pembe, kabla hata sijatua begi nililotoka nalo Tanga.

"Bwana Mpimaji, wakimbizi wanaingia kila siku, na kila ardhi isiyo na ramani inatolewa macho. Pima upesi."

Tangu hapo sikupata usingizi wa maana.

Kijijini Simbo tulianza na shamba la michikichi la Mama Anzaruni, mjane. Michikichi ile aliipanda baba mkwe wake, na mawese yake ndiyo yaliyowasomesha watoto. Tulivuta mnyororo wa kupimia, tukasimika bikoni, yaani vinguzo vya zege vya kuonyesha mipaka. Bila bikoni ramani haipitishwi, bila ramani hakuna hati, na bila hati watoto hurithi maneno matupu. Nilimweleza hayo yote. Aliitikia kwa adabu, lakini macho hayakubanduka kwenye zile nguzo. Kijiji cha jirani zilitangulia nguzo kama hizo, yakafuata mahema ya kambi.

Tuliporudi kukagua tulikuta mashimo.

"Shikamoo, Mama. Bikoni ziko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Nimezing'oa, nimezitupa mtoni. Waweke kambi kwenye michikichi ya wanangu? Ng'o!"

Alicheka kwa raha ya mtu aliyeokoka.

Nilikimbilia kwa Afisa Ardhi, nikamwomba turudie kazi.

"Petroli imekwisha, na kesho boti inatupeleka Mwamgongo," alisema. "Simbo zamu yao itakuja tena."

Nilimsihi mpaka akanikaripia. Mwamgongo nilipima huku roho iko Simbo.

Zamu ilichelewa. Mfanyabiashara mmoja wa mjini aliomba "pori lisilo na mwenyewe", akapimiwa na mpimaji wa kukodi, michikichi yote ikiwa ndani. Mama Anzaruni alishtaki. Baraza la ardhi lilipomuuliza mpaka wake uko wapi, alikuwa na mkono wake tu wa kuonyeshea.

Sasa nimestaafu, naishi Katubuka, hapa hapa Kigoma. Nyie vijana mnanicheka ninavyowaganda mkapimishe viwanja vya wazazi wenu wangali hai. Chekeni tu. Mimi naogopa, wala sifichi.

Juzi binti wa Mama Anzaruni alipita kwangu akiuza mawese. Nikamuuliza yametoka shamba gani.

"La kwetu, Mzee," alisema. Kisha akainama, akajitwisha ndoo yake. "Yaani, pale ninapofanya kibarua."