Kyle Asionekane Mrusi

Asubuhi ya mchujo wa mwisho Genadi Lopatin alikaa mezani, akainuka, akakaa, akainuka tena kuchungulia dirishani kama gari la mwanawe lingali nje. Halikuwapo. Kyle alikuwa ameshakwenda uwanjani, na Genadi mwenyewe ndiye aliyemsikia akiondoka.

"Una siafu kwenye suruali?" Marlene, mkewe, akamuuliza. "Kula mayai yako."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, wasiwasi?"

Wasiwasi ulikuwa na sababu. Timu yetu ya hoki ya barafuni hapa Thunder Bay, Kanada, ilibakiwa na nafasi moja tu ya mshambuliaji, na waliokuwa wakiigombea ni wawili: Kyle, mwenye miaka ishirini na sita, na kijana wa miaka kumi na tisa aliyetoka Chelyabinsk, Urusi, Timofei Karpukhin. Akiachwa safari hii, Kyle hana timu nyingine ya kumlipa. Atarudi kuezeka mapaa na mjomba wake, na hoki itakuwa ya Jumapili.

Genadi naye alitoka Chelyabinsk, miaka thelathini na kitu iliyopita, kuja kuichezea timu hii hii. Mji ulimpokea kwa midomo. Mrusi, watu walisema, anacheza kwa ajili ya pesa. Mrusi haumii kwa sababu hakaribii panapoumiza. Ikifika michuano ya mwisho, Mrusi haonekani. Genadi alicheza mwezi mzima na ubavu uliovunjika asimwambie mtu, maana kwao mchezaji hatangazi maumivu yake. Watu wakaona tu kwamba hapigi kwa nguvu, wakamzomea kuwa ni mvivu, na kocha wa wakati ule akayarudia hayo redioni. Mkataba ulipokwisha hakupewa mwingine. Alibaki mjini kwa sababu ya Marlene, akapata kazi ya kuendesha mashine ya kulainisha barafu, na akaapa jambo moja: mtoto wake asionekane Mrusi.

Mtoto alipozaliwa, akamwita Kyle. Kirusi hakukiingiza nyumbani hata cha kutukania. Alimfundisha kugongana, kukinga kwa mwili wake kisahani kinachochezwa mahali pa mpira, kuvua glovu na kupigana, na kuzichekea kamera hata akiwa na pengo. Kyle alipokuwa na miaka tisa alitoa pasi kwa nyuma, kati ya miguu yake, bila kutazama, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Genadi alimtoa barafuni kwa kumshika ukosi wa jezi. "Ukicheza hivyo watakuita Mrusi," alimwambia. Mtoto akalia, akaacha. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Sasa siku hiyo ya mchujo Genadi alilainisha barafu, akamaliza, akaanza tena pale ambapo hapakuwa na mkwaruzo wowote. Akashuka. Akaenda msalani bila haja. Akasimama nyuma ya kioo kutazama mazoezi, na alichokiona hakukipenda. Timofei alijitupa mbele ya shuti, kisahani kikampata shavuni, akainuka anacheka na damu kidevuni, kisha akaenda kuwatania waandishi kwa Kiingereza cha kuokoteza mpaka wakashikana mabega kwa kicheko. Pasi zake zilitoka nyuma, pembeni, chini ya miguu ya watu. Washabiki jukwaani walikuwa wakiliimba jina lake, na wengine ni wale wale waliomzomea Genadi. Mvi zao hazikuwa na haya hata kidogo.

Mchana kocha, Dufresne, alimkuta kando ya mashine.

"Gena, nimeshaongea na Kyle. Nimemchukua Timofei."

Genadi akafuta usukani ambao ulikuwa safi. "Kyle hamkimbii mtu."

"Hamkimbii, najua. Ni mgumu kama msumari. Lakini wagumu ninao mpaka nawagawa. Nataka mtu anayeuona uwanja, kama hawa Warusi wenu." Akampiga bega. "Kwa baba kama wewe, nilidhani mtoto angekuwa na kipaji hicho."

Aliyasema kwa wema, na ndiyo maana yalichoma. Jana Mrusi mvivu, leo Mrusi lulu, na jana na leo hakuna aliyemuuliza Mrusi mwenyewe.

Kyle alikuwa bado barafuni peke yake, akibamiza visahani kwenye ubao wa ukingo wa barafu. Genadi akavaa viatu vya kuteleza, akaingia, asijue atasema nini. Timofei naye akaja na plasta shavuni kumpa Kyle mkono. Alipomwona mzee, akavua kofia, akamtaja pamoja na jina la baba yake, kama ilivyo heshima kwao.

"Genadi Pavlovich? Lopatin? Babu yangu haachi kukutaja. Anasema Chelyabinsk nzima hapakuwa na mtu wa kutoa pasi kama wewe. Unatazama huku, kisahani kinakwenda kule."

"Nani, huyu?" Kyle akauliza. "Huyu aliniambia pasi ni kusukuma mbele na kwenda kumgonga mtu."

Timofei akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaona amekanyaga pabaya. Akampa Kyle mkono, akaondoka.

Kyle akamrushia baba yake gongo la kuchezea. "Nionyeshe."

"Mambo ya zamani hayo, mwanangu."

"Nionyeshe, Baba."

Genadi akateleza. Mwili ulikuwa mzito, mikono haikuwa mizito. Akatazama kushoto. Kyle akaenda kushoto kwa kasi yake yote, na kisahani kikapita kulia, taratibu, pale ambapo mtu aliyefundishwa angekuwa anakingoja. Kikagonga ubao.

Kyle alikitazama kikirudi. "Tangu lini unaweza hivi?"

"Tangu utoto."

"Na hukunifundisha."

"Niliogopa watakuita walivyoniita mimi. Nilidhani nakuokoa."

"Nina miaka ishirini na sita, Baba," Kyle akasema, bila kupaza sauti. "Leo ndiyo unanionyesha?"

Genadi alitaka kumwambia kwamba muda bado upo. Lakini alikuwa ameishi na mchezo huu maisha yake yote, akashindwa kumdanganya.