Siku Niliyomtoa Mkaguzi Dirishani

Jamani, hili nalisema mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wengine, maana Chake Chake nzima walilipata siku ile ile na kila mmoja akalitia chumvi yake: ni mimi, mwalimu mzima niliyesomea kazi yangu Unguja, niliyewafanya mkaguzi wa skuli na mwalimu mkuu watoke darasani kwa kupitia dirishani. Aibu ile nimekaa nayo miaka mingi mpaka imelainika, sasa naweza kuicheka na nyie.

Ilikuwa miaka michache kabla ya Mapinduzi, nina mwaka wa pili kazini, nasomesha darasa la tatu katika skuli ya wasichana huko Tibirinzi. Darasani mwangu alikuwemo mtoto mmoja, Mize. Akili anayo, kusoma akiwashinda wenzake wote, lakini mabadiliko hakuyaweza. Kengele ikigongwa watu watoke kwenye hesabu waende kushona, yeye hulikumbatia deski akaanza kulia kwa sauti moja nyembamba isiyokatika. Siku hizi nasikia hali kama ile ina majina yake na wataalamu wake. Wakati ule majina yalikuwa mawili tu, mkaidi au kapagawa. Bibi yake aliyemlea, Bi Mkasi, alinifuata mpaka nyumbani akaniambia, "Mwalimu, ntoto yuno hana shetani. Hataki kushtushwa tu. Mwambie mapema, utaona."

Nikajaribu. Kabla ya kengele nainama nampa la sikioni, "Mize, tukimaliza mistari hii miwili tunakwenda kushona." Basi humaliza mistari yake miwili, akafunga daftari, akainuka kama watu wengine. (Walimu wenzangu walidhani namsomea kitu.)

Sasa tukajengewa chumba kipya upande wa pili wa ua, na madeski mapya ndani, tuhamie Jumatatu. Kila mchana nikawa nampeleka Mize akakione, aguse ukuta, ahesabu madirisha, na namwambia siku zilizobaki, mpaka ikawa ananiwahi yeye: "Jumatatu, Mwalimu."

Alhamisi asubuhi mwalimu mkuu, Bi Rukia, mama mnene wa sura ya upole lakini neno lake likishatoka halirudi, akaniita. Mkaguzi amefika kutoka Unguja, anataka kukiona chumba kipya kina watoto. Tutahama leo, saa nne, mbele yake. "Na yule Mize wako," akasema, "akilia mbele ya mgeni, bibi yake aje amchukue, asirudi tena. Nimeshavumilia vya kutosha."

Hapo ndipo nilipoteleza. Kumwita Mize pembeni nikamweleza kungenichukua dakika tano. Lakini nikaona nikimwambia sasa atalia sasa, alie mpaka mkaguzi afike. Nisipomwambia, pengine atafuata mkumbo wa wenzake. Nikanyamaza. (Woga una tabia hiyo, hujifanya hekima.)

Saa nne mkaguzi yumo darasani, bwana mrefu, suruali nyeupe iliyopigwa pasi hata kuitazama unaogopa, na Bi Rukia ubavuni kwake. Kengele ikagongwa. Nikasema, "Simameni, tunahamia chumba kipya." Watoto thelathini na kitu wakasimama. Mize akalikumbatia deski, na ile sauti ikaanza.

"Ana nini mtoto huyu?" akauliza mkaguzi, kwa upole.

Nikamwinamia Mize na neno la kwanza lililonijia mdomoni nikalisema kwa sauti: "Haya basi, chukua deski lako, twende nalo."

Akanyamaza pale pale. Yeye na mwenziwe wa deski wakalibeba, huyu huku, huyu kule, wakatoka. Nikashusha pumzi, kumbe darasa zima limeisikia ile amri, na watoto wa zamani hawaambiwi mara mbili. Wakaona ndivyo tunavyohama, kila mtu na deski lake. Madeski yale ya mbao nzito, ya watu wawili wawili, na mlango ule mwembamba. La kwanza likafika nusu, la pili likalisonga ubavuni, la tatu likapanda juu ya la pili, na walio nyuma wanasukuma kwa bidii wakidhani wananisaidia. Kidau cha wino kikaruka, na ile suruali nyeupe ikapata goti la buluu. Mimi Kiswahili chote nilichosomea kilinikimbia, nikawa nawakemea kwa Kipemba kitupu cha kwetu Makangale, maneno ambayo mgeni wetu hakuyaelewa, na heri hakuyaelewa.

Tukivuta yanakaza, tukisukuma yanakaza. Mwisho mkaguzi akasema taratibu, "Bi Rukia, naona dirisha liko wazi."

Akaruka yeye. Bi Rukia akapokewa na Mhindi mwenye duka la ng'ambo ya barabara, aliyekuja mbio na kasha la mafuta ya taa akamwekea akanyage, na aliyekuwa akienda sokoni hakwenda tena. Mimi wa mwisho gauni likanasa kwenye komeo, nikabaki nusu ndani nusu nje, mpaka Bi Rukia akapanda tena kwenye kasha kuja kuninasua.

Tukaenda chumba kipya. Mwenziwe Mize alikuwa ameshakimbilia kutazama msongamano. Mize yuko peke yake, kwenye deski lake kuukuu katikati ya mapya, anasoma. Mkaguzi akaketi karibu naye na goti lake la buluu.

"Wenzako wako wapi?"

"Wamekwama."

"Na wewe mbona ulikuwa unalia?"

"Mwalimu alisema Jumatatu," akajibu Mize, bila hasira, kama anayesahihisha hesabu. "Leo Alhamisi."

Mkaguzi akanigeukia, na nawaambia kweli, kule dirishani nilikuwa sijaona aibu bado. Akamwomba Mize asome, akasoma ukurasa mzima bila kukwama. "Mtoto amesoma vizuri," akamwambia Bi Rukia, "na kuhusu Jumatatu, haki ni yake."

Bi Rukia alijipangusa vumbi kwa muda mrefu. "Basi abaki," akasema. "Na deski lake libaki."

Tangu siku ile sijamhamisha mtoto, hata kumtoa juani kumweka kivulini, bila kumwambia kwanza. Mwaka uliofuata nilipopata uhamisho wa kwenda skuli ya Chokocho, Mize nilimwambia mwezi mzima mbele, na kila asubuhi nikamkumbusha. Siku ya mwisho nikasimama mlangoni nimeshika mkoba, machozi yananitoka mbele ya darasa zima, nisijue nianzie wapi kuaga. Mize akanitazama, akafunga daftari lake.

"Mwalimu, mbona unalia?" akasema. "Si tuliambiwa?" Akapita pembeni yangu, akaenda kushona.