Sista Darubini, Mchunguzi wa Ubongo na Mtumishi wa Wenye Kifafa

Jumatano asubuhi, tarehe 9 Machi mwaka 1921, fundi saa wa mtaa wa mafundi alichelewa kufungua duka lake kwa mara ya kwanza tangu aoe. Katika chumba cha nyuma mkewe, mshonaji wa nguo, alikuwa amejifungua binti, na huyo ndiye ambaye wagonjwa wa kizazi kizima walikuja kumwita Sista Darubini. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Cha mbele kilijaa saa za ukutani, kila moja ikienda kwa mwendo wake, na wazee waliokulia mtaani humo wanasimulia kwa kicheko kwamba ukitaka kujua saa ngapi, duka la fundi saa ndilo lilikuwa mahali pabaya kuliko pote pa kuuliza. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, lenzi nyeusi imemkaa jichoni tangu asubuhi mpaka jioni. Mama ndiye aliyesema kwa niaba ya wote wawili, na cherehani yake haikumzuia kuongea. Utoto huo Sista aliukumbuka maisha yake yote kwa namna ya mtu anayekumbuka nyimbo.

Alikuwa na kaka aliyemtangulia kwa miaka minne, kijana mwepesi wa kuelewa, mpenda vitabu, na mgonjwa wa kifafa. Siku zile watu waliamini ugonjwa ule unaambukiza, na majirani waliwavuta watoto wao ndani pindi kijana alipopita. Alipoanguka, mdogo wake ndiye aliyekimbia na mtandio wa mama, akaukunja, akauweka chini ya kichwa chake. Baba alimkabidhi saa ya mfukoni ili ahesabu dakika, kwa kuwa hakujua msaada mwingine wa kutoa. Kaka alipozinduka, swali lake lilikuwa lile lile: nilikuwa wapi? Jioni baba akifunga duka, wao wawili hukaa kwenye ngazi ya mlango, kaka akimweleza mambo aliyoyasoma kuhusu nyota, kwamba mwanga wa baadhi yake ulianza safari kabla babu yao hajazaliwa. Siku moja alimwambia maneno ambayo binti hakuyasahau kamwe: "Mdogo wangu, mwanga wa nyota ile najua umetoka wapi. Mimi mwenyewe nikianguka, sijui nakwenda wapi."

Mwezi wa Agosti 1936 kaka alianguka bafuni akiwa peke yake, maji yakamshinda. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mdogo wake alikuwa ametumwa nyuzi dukani, na akiwa njiani alisimama kidogo kuongea na rafiki. Ule muda mfupi aliubeba kifuani miaka mingi. Hakuna aliyemlaumu, wala baba wala mama, lakini kwa wiki kadhaa alikataa kukaa kwenye ile ngazi. Wito wake ulianza hapo. Haukumjia kwa sauti wala kwa ndoto. Ulimjia kama swali ambalo mwenye kuuliza ameondoka na kumwachia yeye.

Januari 1940 aliingia katika shirika la masista waliokuwa wakiendesha hospitali kubwa ya mji ule. Mama yake alilia siku saba, ya nane akakaa kwenye cherehani na kumshonea mwenyewe vazi la unovisi, la wanaojiandaa kuweka nadhiri, na masista wengine walipoiona mishono ile walimwonea wivu mtakatifu. Baada ya nadhiri alifundishwa kazi ya maabara, na mwaka 1943 akapangwa katika chumba cha uchunguzi wa ubongo, chumba chenye madirisha marefu, meza ya mawe, chupa za kahawia zilizopangwa mpaka darini, na harufu ya dawa iliyoganda kwenye nguo hata baada ya kufuliwa. Mkuu wake alikuwa daktari mzee asiye na mke wala imani, mtu wa kikohozi na vikombe vya chai vilivyopoa. Siku ya kwanza alimpa ubongo wa mtu aushike kwa mikono miwili. Sista aliuangalia kwa muda, akauliza kama ni huo tu.

"Ni huo tu, Sista," daktari akasema. "Hata kilo moja na nusu haufiki. Na kila kitu ambacho mtu amewahi kujua juu ya mbingu kimepita humo."

Sista aliomba kiti, akaketi. Baadaye aliwaeleza wanafunzi wake kwamba siku ile ndiyo aliyoelewa maana ya kupiga magoti, ingawa alikuwa amekaa. Kumbe mlemle mwilini mwake, chini ya kitambaa cha kichwa, mlikuwa na kitu kilichoumbwa kiweze kujiuliza ulimwengu umeanza vipi, na kitu hicho chenyewe hakijulikani. Tangu hapo yeye na daktari walifanya kazi bega kwa bega. Walikata vipande vyembamba kuliko karatasi ya sigara, wakavitia rangi ya fedha, wakavitazama kwa hadubini, naye akavichora kwa penseli, seli kwa seli. Wagonjwa wa wodini, ambao hawakuona tofauti ya hadubini na darubini, wakambandika jina la Sista Darubini. Daktari alitaka kuwasahihisha, Sista akamzuia, akisema hawajakosea sana. Kwenye ukingo wa kila mchoro aliandika jambo moja ambalo marehemu alilipenda, baada ya kuwauliza jamaa zake: huyu alipenda baiskeli, yule alipenda kubishana, mwingine supu ya moto. Michoro hiyo ipo hadi leo, zaidi ya elfu mbili, na hakuna hata mmoja usio na maneno hayo.

Mwaka 1951 alikuja Mama Mkuu mpya, mwanamke mnyofu, mwogopa makosa. Alisikia kwamba Sista amemwambia mwanafunzi mmoja kuwa katika miaka minane ya kukata hajawahi kukutana na mahali roho inapokaa. Maneno yale yalizunguka, yakaongezwa chumvi, yakafika ofisini yakiwa makubwa. Akamwita, akamuuliza kama ni kweli anatafuta roho za watu kwa kisu.

"Hapana, Mama," Sista akajibu. "Namtafuta kaka yangu."

Mama Mkuu hakumwelewa. Kesho yake Sista alihamishiwa chumba cha kufulia. Alikaa huko miaka saba, kati ya mapipa ya maji ya moto na pasi nzito, mikono ikachubuka kwa sabuni. Daktari mzee alipiga kelele katika kila kikao mpaka akachoka. Sista alitii, lakini tusidhani kwamba utii ule ulikuwa mtamu. Jaribu lake kubwa halikuwa pasi wala sabuni, lilikuwa ndani ya moyo. Alimwungamia padri kwamba akisali anajisikia kama mtu anayesikiliza cheche za ubongo wake mwenyewe, na hajui kama kuna anayepokea. Miaka baadaye alisimulia alivyojibiwa. Padri alikiri kwamba jambo hilo hata yeye halijui, ila yeye huendelea kusali. Sista alisema jibu lile lilimfaa kuliko hotuba. Aliendelea. Na kwa kuwa wagonjwa wa kifafa waliletwa pale kukunja mashuka, aliwauliza mmoja mmoja walisikia nini kabla ya kuanguka, harufu gani, rangi gani, akayaandika katika daftari la hesabu za mashuka, kwenye kurasa za nyuma.

Machi 1955 alilazwa mwalimu mstaafu wa elimu ya nyota, aliyepigwa kiharusi. Upande wa kulia ulikuwa umepooza na maneno yote yamemtoka isipokuwa moja. Ukimsalimia, "bado." Ukimuuliza kama ana kiu, "bado." Binti yake, mwanamke mzima aliyekuja kila siku kumlisha, alimweleza Sista kilichokuwa kikimliza baba. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa ameifuatilia nyota moja inayofifia na kung'aa, akaandika madaftari kabati zima, kwa alama alizozibuni mwenyewe na ambazo hakuna mwingine aliyezijua. Chuo kilikuwa kinakihitaji chumba chake. Mkuu wa chuo, kwa huruma, alikuwa ametoa muda hadi mwisho wa mwaka. Zisiposomeka, madaftari yatatupwa.

Wagonjwa walizoea kutolewa juani, karibu na kamba za kuanikia. Asubuhi moja wafuaji walikuwa wakiimba wimbo wa kanisani huku wakikamua mashuka, na mwalimu akaudaka, akauimba ubeti mzima, maneno yote kamili, bila kukwama. Wafuaji wakaacha kukamua. Mwalimu akashika mdomo wake kama mtu aliyepapasa mfukoni akakuta kitu alichokwisha kukipoteza. Sista aliliacha shuka chini kwenye matope. Alikuwa amewahi kuona kwa macho yake mwenyewe kwamba kiharusi kinaweza kuua upande mmoja wa ubongo na kuuacha mwingine mzima, na papo hapo akafahamu kwamba wimbo umepita njia ambayo maneno yameshindwa kupita. Tangu siku ile, kila alipopata nafasi kati ya mapipa, alikaa na mwalimu na binti yake, daftari magotini. Alionyesha alama moja, akaanza tuni ya wimbo ule, na mwalimu alitafuta neno lake ndani ya tuni. Kuna alama zilizochukua wiki mbili. Kuna siku mwalimu alilia na kuipiga meza kwa mkono wake mzima, na siku nyingine wote watatu walicheka, maana maneno ya hesabu kwenye tuni ya kanisani yanachekesha. Alama zilikuwa arobaini na tatu. Ya mwisho ilipatikana wiki ya pili ya Desemba. Binti aliandika, akafunga daftari, na mwalimu akamtazama Sista, akasema bila kuimba, wazi kabisa: "Basi."

Madaftari yaliokolewa. Wanaojua elimu hiyo wanasema hesabu za mwalimu zinatumika hata sasa. Habari zilimfikia Mama Mkuu polepole, kwani Sista hakuzipeleka. Mwaka 1958 alishuka mwenyewe hadi chumba cha kufulia, akasoma zile kurasa za nyuma za daftari la mashuka akiwa amesimama mvukeni, miwani imejaa ukungu. Alipomaliza aliomba msamaha mbele ya wafuaji wote. Sista alimpa kiti. Wawili hao walikuja kuwa marafiki wakubwa, na wafuaji wa zamani, wachache waliobaki, bado wanaisimulia siku ile kwa sauti ya chini.

Alirudi maabara na kumkuta daktari amezeeka mno. Mwaka 1962, daktari akiwa kitandani kwa mara ya mwisho, Sista alikaa naye mchana kutwa. Hakumhubiria. Daktari ndiye aliyeanza. "Sista, natangulia, na mimi siamini kuna ninapokwenda. Nikikuta nimekosea, nitakutafutia kiti." Sista alicheka mpaka muuguzi akachungulia. Kutoka katika daftari la mashuka alianzisha kliniki ya wenye kifafa, ya kwanza mjini, ambamo mgonjwa husikilizwa kwanza ndipo apewe dawa. Watu waliofichwa vyumba vya nyuma kwa miaka wakaonekana barabarani, wakaajiriwa, wakaoa na kuolewa.

Mwaka 1984 Sista alianza kusahau. Alipotea kwenye korido aliyoipita miaka arobaini. Sista kijana aliyekuwa mwanafunzi wake alijaribu kumficha ukweli, akamwambia ni uchovu tu. Yeye akamshika mkono. "Mwanangu, nakijua kinachonipata. Nimekichora mara nyingi." Siku hiyo hiyo, akili ingali naye, aliandika kwamba akifa ubongo wake upelekwe maabara. Kisha alizipoteza zaburi, akayapoteza majina, na mwisho hakujua tena nyota ni nini. Lakini aliyemtembelea aliulizwa anapenda nini, hata mara tano kwa saa moja, na kila mara alilipokea jibu kwa furaha mpya. Alifariki tarehe 12 Novemba 1989, saa tatu asubuhi, masista wakiwa wamemzunguka. Mwanafunzi wake ndiye aliyeukata ubongo ule vipande na kuvichora. Ukingoni mwa mchoro wa kwanza alikaa sana na penseli, mwishowe akaandika: alipenda kuuliza.

Kanisa bado linachunguza utakatifu wake, nasi hatulitangulii. Tunasimulia tu yaliyoshuhudiwa. Mwaka 1996 fundi mwashi mmoja alimleta kwenye kaburi la Sista mke wake, ambaye kiharusi kilikuwa kimemnyamazisha miaka miwili. Mke aliinama juu ya jiwe, akavuma wimbo kidogo, kisha akamwita mumewe kwa jina la utani la tangu uchumba wao, jina ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Madaktari walisema ubongo huweza kujitengenezea njia mpya, na huenda ni hivyo. Mwashi alipohojiwa na tume ya Kanisa alisema hana elimu ya kubishana. Aliitwa na mkewe, akaitika.

Anayetaka kumfuata Sista Darubini hahitaji hadubini. Na amtafute yule ambaye watu wamechoka kumsikiliza, akae naye, amuulize swali moja la kweli, na alingoje jibu hata likichelewa. Ukumbusho wake ni kila tarehe 12 Novemba. Siku hiyo hospitali husali mapema, na kliniki yake haifungwi.