Kuchimba au Kuimba

Daktari wetu wa meno hapa Bergen huimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa, na hata mikono yake ikiwa kinywani mwa mtu, wimbo haumtoki midomoni. Jumamosi huwatibu bure wasio na makazi. Mimi humshikia taa. Juzi alikuja Torleif, mzee wa bandarini anayecheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Mashine ya kuchimba jino ilipoanza kunguruma akasema, "Daktari, chagua moja, kuchimba au kuimba." Daktari akacheka, akanyamaza, akaendelea na kazi. Haukupita muda Torleif akamshika mkono, machozi yakimlengalenga.

"Basi imba tu, mwanangu. Kimya hiki kinatisha zaidi."

Daktari akaanza upya, kwa sauti ya chini, na mzee akapanua kinywa.