Kasisi Wangu Mbele ya Mzee wa Kanisa

Chuo kikuu kilipofungwa kwa sababu ya mgomo, kaka yangu alirudi kwetu Kianjokoma na ndevu, shati moja safi, na mchezo ambao hakuna mtu huku mlimani aliyewahi kuusikia. Ulikuwa mchezo wa kukaa mezani na kujifanya watu wengine: mashujaa, wezi, makasisi wa miungu ya kubuni. Yeye alisimulia yaliyotukuta, sisi tukasema tutafanya nini, na bahati ikaamua kama tumeweza. Kete yake ina pande ishirini, na Embu nzima nani angekuuzia kete kama hiyo? Tuliandika namba kwenye vifuniko vya soda tukavitia mkebeni. Mpaka leo nikisikia vifuniko vikigongana, nasikia pia mvua ya Aprili juu ya mabati na harufu ya viazi vinavyomenywa, na moyo unanirudi kwenye meza ile.

Binamu yetu, aliyekuwa akiishi nasi, alichagua kuwa askari asiyekataa ugomvi. Mimi nikawa kasisi. Kila mmoja alitakiwa kutangaza mwelekeo wake: ni mwema au mwovu, ni mshika sheria au mfuata moyo wake. Nilijitangaza mwema na mshika sheria bila kufikiri, maana baba alikuwa mzee wa kanisa, na nyumbani kwetu mwelekeo mwingine haukuwa na kiti. Mungu wangu wa kubuni alinipa nguvu za kuponya kwa sharti moja: nisikanyage kamwe hekalu la mungu mwingine.

Mama alikuwa akimenya viazi karibu nasi, akijifanya hasikii. Tangu mwaka uliotangulia alikuwa ametengwa kanisani. Babu, baba yake, aliyeishi Umbeere upande wa Kiambere, alikuwa mgonjwa, na alikataa kumbariki binti yake mdogo aolewe bila pombe ya asali iliyotengenezwa na binti mkubwa. Mama akaenda akaitengeneza. Hakuonja hata tone. Lakini kanisa letu lilikataza kutengeneza kama lilivyokataza kunywa, na wazee wakaamua asishiriki Meza ya Bwana mpaka asimame mbele ya watu atubu. Mama alikataa. Alisema hawezi kutubia kumheshimu baba yake.

Baba alikuwa katika kikao hicho. Siku za Meza ya Bwana alipita na sahani ya mkate benchi kwa benchi, na akikaribia benchi la nyuma, walikokaa waliotengwa, aligeuka. Nyumbani hawakugombana. Waliongea juu ya ng'ombe na mvua, kwa adabu kama wageni, na adabu hiyo iliniuma kuliko kelele. Walikuwa watu wa kucheka, hao wawili. Nilitaka mama arudi mezani, na kicheko kirudi nyumbani. Sikutaka kingine.

Alasiri moja, katika mchezo, mto ulifurika usiku na kijiji kizima kilikuwa kimelala. Ngoma pekee ya kuwaamsha ilikuwa ndani ya hekalu la mungu mwingine. Niliingia nikaipiga. Watu wakakimbilia kilimani, binamu akaumizwa na gogo, nami nikanyoosha mkono nimponye.

"Huna nguvu tena," kaka akasema. "Umevunja sharti. Hata wema wako umefutwa."

Nilibisha mpaka sauti ikanikauka. Kwetu tuliongea Kiembu, lakini mchezo tuliucheza kwa Kiswahili cha shule, na mama akatuingilia kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Huyo kasisi ameitwa akaulizwa?"

"Mama, ni mungu wake ameamua."

"Peke yake? Hiyo mungu yenu haina wazee?" Akacheka kidogo. "Hata kwetu kanisani mtu huitwa kwanza. Iteni baba yenu."

Baba alikuja kutoka zizini, akavua gambuti, akanawa mikono, akakaa kichwani mwa meza. Nilidhani atatufukuza na miungu yetu. Kumbe mzee akisikia neno kesi, masikio yanamsimama. Aliuliza mashtaka, kaka akayaeleza. Akauliza kama mshtakiwa yupo, nami nikasimama, sijui kwa nini, mikono nyuma.

"Uliingia kwa hiyo hekalu kuabudu?"

"Hapana, Baba. Kupiga ngoma."

"Hakukuwa na ngoma ingine?"

"Hakukuwa."

"Na watu walipona?"

"Wote."

"Na mbuzi," binamu akaongeza.

Baba alikuna kidevu. "Hii sheria iliwekwa ndio mtu asiabudu mungu ya wengine. Huyu hakuabudu. Arudishiwe kazi yake."

"Lakini Baba," kaka akasema, "sheria za mchezo zinasema lazima atubu kwanza."

"Atubu nini? Atubu kuokoa watu?"

Kisu cha mama kilisimama juu ya kiazi. Hakuinua macho. "Hiyo swali," akasema, "mimi niliuliza mwaka jana."

Baba aliinuka. Halafu akavaa gambuti zikiwa bado na matope, akasema anaenda kuangalia ng'ombe aliyekuwa ametoka kumwangalia. Kaka, ambaye hakuwa mjinga, alitangaza kwamba askari amepona, tukaendelea.

Meza ya Bwana iliandaliwa tena mvua zilipokwisha. Nilikaa benchi la nyuma kando ya mama. Mbele, wazee waliovaa suti nyeusi walipokea sahani. Baba alipokea yake, akasimama nayo, kisha akamkabidhi mwenzake. Alitembea katikati ya kanisa, viatu vikilia, shingo zikimfuata, mpaka kwenye benchi letu. Machozi yalinitoka nisijali nani ananiona. Mama alisogeza mkoba wake kumpa nafasi.

"Umechelewa," alimnong'oneza kwa Kiembu.

"Barabara ilikuwa na matope," baba akajibu.

Mabega ya mama yakaanza kutikisika, na ya baba yakafuata. Sahani ilifika benchi lililo mbele yetu, ikageuka, na wao walikuwa bado wanacheka.